Mnunuzi wa Kwanza wa Nyar Kisegi

Migori, Jumatano, Novemba 1999

Mvua imeanza saa nane na haijui kuacha. Barabara mbele ya duka imegeuka uji, na wateja wangu wamejibana chini ya mabati ya jirani wakingoja ipungue. Mimi nimekaa mbele ya kompyuta, barua iko mapajani. Nimeisoma mara nne tangu asubuhi. Hakuna neno ndani yake nisilolijua, maana niliipiga chapa mwenyewe wiki iliyopita, kwa mashine hii hii, na leo imenifikia mimi kwa posta.

Ila mstari mmoja. Huo sikuupiga mimi. Nitaufikia.

Ukurasa huu nauandikia dukani, nauweka kwenye disketi, na kila nikienda Kisumu kununua karatasi na wino napitia kwa wale vijana wenye mtandao naupandisha. Sijui kama kuna mtu anayeusoma. Nadhani ndiyo sababu naweza kusema ukweli humu.

Ukweli wenyewe ni huu: nina jina ambalo limekataa kuuzika, na si langu.

Kwa asiyejua mambo haya, ni hivi. Kwenye mtandao kila ukurasa una anwani, na anwani ni jina. Akilichukua mmoja, mwingine hawezi kulipata. Linalipiwa kwa miaka, kama kodi ya kiwanja, na usipolipa linarudi sokoni. Habari hii niliipata mwaka wa tisini na saba, kwenye kozi ya kompyuta ya wiki mbili kule Nairobi. Mwalimu alitusimulia kwamba Amerika kuna mtu alichukua jina, akalilalia, kisha akaliuza kwa bei ya shamba la majani chai. Darasa zima lilicheka. Mimi nilichukua kalamu.

Na nilikuwa na sababu. Pesa yangu ya kwanza niliipata Masara, kwa wachimba dhahabu. Mume wangu alikuwa ameenda Nairobi na mwanamke mwingine, ameniachia nyumba ya kupanga na sufuria. Nikawa nawapikia wachimbaji chapati na maharagwe. Siku moja kijana aliyekosa nauli ya kurudi kwao akaniuzia kiwanja chake, hatua kumi na mbili kwa ishirini. Nikaweka mawe manne, nikayapaka chokaa, nikaendelea na chapati. Sikujenga, sikulima. Baada ya miaka miwili, shimo jipya la jirani lilipotoa dhahabu, nilikiuza mara saba ya nilichonunua. Fotokopi hii unayoisikia ikilia hapa nyuma ilitoka kwenye mawe yale manne.

Tangu hapo naamini jambo moja: wahi kuweka vigingi, mwenye haja atakuja.

Lakini kiwanja kisipouzika unapanda sukuma wiki, unamfunga mbuzi, watoto wa jirani wanachezea mpira. Jina huwezi kulifanyia kitu. Linakaa tu huko lilipo, na mwaka ukiisha linataka pesa.

Sasa jina lenyewe.

Kwetu mwanamke akiolewa haitwi kwa jina lake, anaitwa kwa kwao. Dada yangu Awuor na mimi tumezaliwa Kisegi. Yeye ameolewa Homa Bay, kwa hiyo huko wanamwita Nyar Kisegi, binti wa Kisegi. Mimi nimeolewa huku Migori, na huku pia wakwe waliniita Nyar Kisegi, siku zile walipokuwa bado wananiita. Awuor na wenzake, akina mama kumi na wanne, wana banda la kukausha samaki kwa moshi karibu na ufuo. Wanunuzi wa Kisii walipoonja samaki wa dada walianza kuuliza sokoni, “Zile za Nyar Kisegi ziko wapi?” Wengine wote wakaona faida, na jina la mmoja likawa la kikundi. Magunia ya kwanza niliyaandika mimi kwa rangi nyeusi, maana ndimi niliyekuwa na mwandiko. Herufi kubwa kubwa. Nilijivunia sana.

Kwa hiyo nilipolichukua jina, Novemba ya tisini na saba, nilijiambia kwamba ni langu pia. Si nimezaliwa Kisegi? Si mkono wangu ndio uliolichora?

Huo ni uongo ulionyooka vizuri. Kuandika jina kwenye gunia si sawa na kukaa miaka kumi machoni mwako mna moshi ili gunia lijae.

Na kulikuwa na lingine. Mwaka wa tisini na tatu, kabla ya Masara, nilikwenda kwa kikundi kile kuomba mkopo wa taipureta. Elfu nane. Nilikuwa na mahesabu yangu kwenye karatasi, nimeyapiga mstari kwa rula. Walinisikiliza vizuri. Kisha mwekahazina akasema, “Tukukopeshe, halafu ukishindwa tukagonge mlango gani? Mlango wako uko Migori.” Nikamtazama dada. Dada alikuwa mwenyekiti. Akasema sheria ya kikundi ni kwa wake wa hapa.

Nilibeba karatasi yangu nikaondoka.

Miaka sita. Tumekutana kwenye matanga tu, tukipeana mikono kama watu wa kamati mbili tofauti. Na nilipokuwa nikijaza lile jina kwenye kompyuta ya watu kule Nairobi, huku rafiki yangu wa shule aliye Amerika akisubiri kunilipia kwa kadi yake dola mia moja za miaka miwili, kusema kweli sikuwa nawaza Amerika wala mashamba ya majani chai. Nilikuwa nawaza uso wa mwekahazina.

Nilitaka siku moja waje kugonga mlango wangu.

Nilidhani nitaliuza kwanza kwa kiwanda cha minofu ya samaki. Nilivaa suti, nikaenda, nikamwonyesha meneja kwenye karatasi. Laki mbili, nikamwambia, na bado kuna nafasi ya mazungumzo. Akaniuliza kama lina mtambo wa barafu ndani. Mwaka huu Ulaya ilipokataa samaki wa ziwa letu nilirudi na bei ya elfu arobaini, nikakuta meneja mwenyewe anapanga vitu vyake kwenye katoni. Nilijaribu mwenye hoteli. Nilijaribu Mzee Salim, muuza vifaa vya ujenzi hapo ng'ambo ya barabara, mtu anayenunua chochote kinachouzwa kwa hasara.

“Mama, hilo jina nikilinunua naliweka wapi?”

“Kwenye mtandao.”

“Nani atalilinda?”

“Halihitaji kulindwa, Mzee.”

“Basi halina thamani,” akasema, akacheka hadi akakohoa. Kwa mwezi mzima, kila nikipita, alikuwa akiwaambia wafanyakazi wake wainuke wampishe mama mwenye mali isiyoonekana.

Mnunuzi hakuja. Hakuja miaka miwili. Mwezi huu mwishoni muda unakwisha, na nilikuwa nimeshakata shauri niliache lianguke. Hasara ni hasara, unaifunga unaenda mbele. Hivyo ndivyo ninavyoendesha duka hili.

Kisha Jumanne ya wiki iliyopita Awuor akaingia dukani.

Alikuwa hajawahi kukanyaga hapa. Alisimama mlangoni leso imelowa, kikapu mkononi, akaangalia kuta, fotokopi, kalenda, mimi.

“Nyaminwa,” akasema, yaani dada yangu, “hivi unakaa humu siku nzima bila dirisha, kama kuku anayeatamia?” Tulikuwa tukiongea Kijaluo, hapa nayaweka kwa Kiswahili.

“Mayai yenyewe yanalipa kodi,” nikamjibu.

Akacheka. Nikacheka. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba niliogopa.

Alikaa, akanipa samaki wawili waliofungwa kwenye gazeti, akasema ameniletea kazi, maana amesikia mimi ndiye ninayewaandikia watu barua mpaka za ofisi ya D.C. Nikauliza barua ya nini. Akaanza.

Kuna Mzungu mmoja, mama wa makamo, mgeni wa kanisa lao. Ameona majiko yao ya kukaushia samaki, ameyapenda, anataka kuwafungulia ukurasa kwenye mtandao ili watu wa kwao waone kazi na wasaidie kununua majiko mengine sita. Akaenda Kisumu kuufungua. Akarudi na karatasi.

“Akaniambia, ‘Mama, jina lenu limeshachukuliwa, lina mwenyewe.’ Nikamwambia, mwenyewe ni mimi, nimelizaa na kulinyonyesha, huyo mwingine ni nani? Akasema tuchague jingine. Wale wenzangu! Yawa, ungewasikia. Walisema heri wabadilishiwe waume.”

Alichomoa ile karatasi kifuani, akaifungua juu ya meza yangu. Palikuwa na jina la kampuni niliyojisajilia mwaka ule, ambalo yeye hajawahi kulisikia, na sanduku langu la posta la biashara. Yeye alijua lile la kanisa tu, nililotumia zamani.

“Ni mtu wa hapa hapa Migori. Wewe unawajua wenye biashara wote. Ni nani huyu?”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kabisa. Dukani hapakuwa na mteja.

Nikamwambia, “Migori imekuwa kubwa siku hizi.”

Akatikisa kichwa. “Basi tumwandikie. Andika: Kwa mwenye jina letu.”

“Tuandike ‘Kwa Mkurugenzi.’”

“Anaongoza nini? Andika nilivyosema.”

Nikaandika. Alinitajia maneno kutoka kichwani mwake bila kusita, kama mtu aliyeirudia njia nzima. Sisi ni akina mama kumi na wanne wa Homa Bay, tunakausha samaki. Jina hili tulipewa na wanunuzi wetu kabla wewe hujalijua. Hatukuja kugombana. Tumechanga shilingi elfu tatu. Tuambie kama zinatosha, na kama hazitoshi tuambie unachotaka.

Vidole vyangu vilisimama kwenye elfu tatu.

“Mmezitoa wapi?”

“Tumeahirisha mabati ya banda. Samaki watanyeshewa kidogo, watakauka tena.”

Mnunuzi wa kwanza aliyekuja na pesa mkononi, baada ya miaka miwili ya kuvaa suti, ni dada yangu.

Nilijitahidi kuwa mkali. Nilimwambia barua ni laini mno, mtu aliyewaibia haandikiwi kama mchungaji. Nilitaka amtukane. Ningepata nguvu kama angemtukana.

“Aah,” akasema. “Mtu anaweza kuchukua kitu kwa hasira zake, wala hakitaki. Wewe mwenyewe siku ile si ulitoka mbio?”

“Siku gani?”

“Ya taipureta. Tulikuwa tumefika kwenye mkopo tu, na mkopo tulikataa, ndiyo, sheria ni sheria. Jambo la pili lilikuwa mchango. Mia mbili kila mtu, za kukupa, si za kukopesha. Mwekahazina ndiye aliyelileta, yule yule. Chai ilikuwa bado jikoni. Nimekufuata mpaka stendi, gari limeondoka.”

Mia mbili mara kumi na nne ni elfu mbili mia nane. Nilipiga hesabu kabla sijajizuia. Taipureta ya mkono wa pili wakati ule ingeanzia hapo.

“Mbona hukuniambia?”

“Nilimtuma shemeji yako. Amefika kwako Migori, amekaa, umempa maji. Ulimjibu nini?”

Hakungoja nijibu. Aliinama akarekebisha leso miguuni.

Nilimjibu sina dada Homa Bay. Sikumwacha hata aseme alichotumwa.

Kwa miaka sita nimekuwa nikiwasimulia watu jinsi nilivyofukuzwa na damu yangu mwenyewe. Wateja wanaijua hadithi hiyo. Wasichana niliowafundisha kupiga chapa wanaijua. Nilikuwa nikiisema kama ushahidi: tazameni, sikusaidiwa na mtu, nimejijenga. Na ni kweli nilijijenga. Lakini nilijijenga juu ya nusu ya mkutano.

Nilichapisha barua nakala mbili. Nikamwambia aniachie niipeleke posta. Akakataa, anataka kuona muhuri ukigongwa kwenye stempu kwa macho yake. Nikakataa malipo. Akaonyesha wale samaki: “Umeshalipwa.” Akaondoka, na mimi nikabaki nimekaa mpaka mteja akanigongea meza.

Wiki nzima ningeweza kumfuata. Nimejaza wino, nimerekebisha kiti, nimepanga faili za mwaka wa tisini na sita.

Leo asubuhi nimefungua sanduku la posta, nayo hiyo hapo. Bahasha ina alama ya kidole chenye masizi. Barua yangu safi, pambizo sawa kila upande, na chini ya sahihi, kwa kalamu, mwandiko wa dada aliyeacha shule darasa la nne ili ada ibaki ya mmoja. Herufi zimelala upande kama majani ya mto.

*Kama wewe ni mtu wa kwetu acha pesa. Njoo tu nyumbani.*

Sijui kama anajua. Nimeugeuza mstari huu kila upande. Huenda alijua tangu alipouliza “ni nani huyu” na mimi nikajibu kuhusu ukubwa wa mji. Huenda hajui, na hivyo ndivyo angemwandikia mtu yeyote. Namfahamu, anaweza vyote viwili.

Nimeweka njia zangu mezani kama ninavyofanya na kila kitu. Ya kwanza, nichukue zile elfu tatu kwa jina la kampuni. Hiyo nimeifikiria kwa urefu wa kupiga chafya, lakini nimeifikiria, naandika hapa ili isijifiche. Ya pili, nikae kimya. Mwisho wa mwezi jina linaanguka lenyewe, Mzungu analiokota, kikundi kinashangilia, hakuna atakayejua kitu milele. Haina gharama. Haina aibu. Jinsi ilivyo nzuri ndivyo ilivyonitisha. Ningekutana na Awuor kwenye matanga yanayokuja, anaponipa mkono niwe namtazama kama mkaguzi, nikitafuta usoni kama anajua. Na ningeendelea hivyo mpaka matanga ya mmoja wetu.

Saa sita nimepanda ghorofani kwa wakili. Jina haliendi kwa mwingine hivi hivi, kuna fomu ya kukabidhi, nayo inataka muhuri wa wakili. Amesoma, amevua miwani.

“Bei hujajaza.”

“Hakuna bei.”

“Wewe? Mwanamke aliyenitoza fotokopi ya ukurasa mtupu?”

“Ulipita kwenye mashine, wakili. Gonga.”

Amegonga. Ameniambia wino wa muhuri ni bure kwa leo kwa sababu ameshuhudia muujiza. Rafiki yangu wa Amerika nimeshamwandikia alipe mwaka mmoja mbele kwa kadi yake, nitamrudishia kupitia kwa mama yake kama tulivyofanya mara ya kwanza. Mwaka huo nawapa. Si fidia, sijui fidia ya jambo hili inahesabiwaje. Ni ili tu lisianguke wakati wanajifunza kulishika.

Nilikaa kuandika barua ya kuambatanisha na fomu. “Yahusu: Jina lenu.” Nikaifuta. “Kwa Mwenyekiti.” Nikaifuta. Naweza kupiga maneno hamsini na tano kwa dakika bila kutazama, na leo mashine imenishinda kwa mistari miwili. Kuituma kwa posta ingekuwa njia ya tatu, na ni ile ile ya pili imevaa bahasha.

Jumamosi nafunga duka saa nne niende Homa Bay. Ni siku yao ya mkutano, watakuwa wote kumi na wanne, na mwekahazina.

Sijui atakayeinuka kunipokea atakuwa mwenyekiti au dada yangu. Fomu ni ya mwenyekiti. Yale mengine ni ya dada, na hayo nitayasema kwa mdomo, tena nikiwa nimekaa, mpaka wanaotaka kunijibu wamalize wote.